Tabo Husingiziwa Mengi

Gari la tabo likianza kuishiwa nguvu mlimani, hukumu hutolewa kabla ya boneti kufunguliwa: tabo imekufa. Mwenye gari husema hivyo, jirani yake wa maegesho husema hivyo, na fundi mwenye tabo ya mtumba ya kuuza hana sababu ya kubisha. Hukumu hiyo inaeleweka. Kifaa hicho ndicho kinachotofautisha gari hilo na mengine, ni ghali, na kikifanya kazi sawasawa dereva huhisi mgongo ukibanwa kitini. Nguvu ikitoweka, nani mwingine ashukiwe? Lakini anayefuatilia jinsi injini hizi zinavyofanya kazi hugundua kwamba wa kushukiwa mara nyingi ni wengine kabisa: plagi iliyolika, koili yenye ufa, mpira wa hewa uliochomoka, pampu ya mafuta iliyochoka. Tabo huidai injini zaidi, na ikiidai zaidi, udhaifu uliokuwa umejificha hujitokeza. Kisha lawama humwangukia mdai.

Mhandisi wa Uswisi Alfred Büchi aliposajili hataza yake mwaka 1905, wazo lake lilikuwa la mtu asiyependa kutupa kitu. Moshi unaotoka kwenye injini bado una joto na kasi, kwa nini usizungushe feni itakayoirudishia injini hiyo hiyo hewa nyingi zaidi? Mpaka leo tabo ni hivyo tu: feni mbili kwenye mhimili mmoja, moja ndani ya njia ya moshi na nyingine ndani ya njia ya hewa safi, zikizunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika injini inapofanya kazi nzito. Jambo la kushika hapa ni kwamba tabo haina nguvu yake yenyewe. Inaishi kwa moshi inaopewa. Silinda moja ikikosa kuwaka, hali ambayo mafundi wetu huiita kumisi, moshi hutoka ukiwa dhaifu na wa kukatika, feni huchelewa kushika kasi, na geji ya presha huonyesha upungufu. Fundi anayeitazama geji hiyo peke yake ataona presha ndogo na kuilaumu tabo, kumbe presha ndogo ni matokeo na chanzo kiko kwenye plagi ya silinda ya tatu. Kwa hiyo kosa kubwa katika uchunguzi wa magari haya ni kugeuza mpangilio, yaani kuchukua kilichofuata na kukifanya kilichoanza.

Kwetu Afrika Mashariki suala hili lina sura ya Subaru zaidi kuliko gari lingine lolote. Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 akiendesha Impreza, na vijana wengi wa Nairobi wa wakati ule walikua wakiijua sauti ya injini ile ya boksa, yenye silinda zilizolala kwa ubavu. Baadaye Impreza WRX na Forester za tabo zikaanza kuingia kwa wingi kupitia Mombasa na Dar es Salaam, zikiwa zimeshatumika Japani kwa miaka kadhaa. Kenya huruhusu gari lililotumika lisilozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na miaka minane inatosha kabisa kwa mipira ya hewa kukauka na plagi kulika. Halafu gari hilo hukaa mikononi mwetu miaka mingine kumi au kumi na mitano. Tunachopokea, basi, ni mashine iliyobuniwa kwa uangalifu mkubwa ikiwa imefika umri ambao vitu vidogo vya bei ndogo huanza kuachia kimoja baada ya kingine. Umri huo hauichagui tabo.

Uchunguzi mzuri huanza kwa kuuliza gari linamisi wakati gani, maana jibu la swali hilo hupunguza washukiwa zaidi ya nusu kabla ya spana kuguswa. Chukua gari linalonguruma vizuri likiwa limesimama, linatembea vizuri mjini, lakini likikanyagwa kwa nguvu kwenye gia ya tatu au ya nne linatetemeka na kukataa kwenda. Hiyo ni dalili ya kawaida ya moto wa plagi kushindwa, na sababu yake ni ya kifizikia. Cheche inaporuka kwenye nafasi ya plagi inapita ndani ya hewa, na hewa ikibanwa zaidi, volti inayohitajika kuivuka huongezeka. Injini isiyo na tabo huvuta hewa kwa presha ya anga tu. Injini ya tabo inayosukumiwa psi 12 hivi juu ya hiyo huanza kubana hewa ikiwa na wingi unaokaribia mara mbili. Nafasi ya plagi iliyotakiwa kuwa kama milimita 0.7 au 0.8 ikishapanuka kwa kulika, koili iliyozeeka haitaweza kuivuka chini ya presha hiyo. Ikishindwa, umeme hutafuta njia rahisi zaidi kupitia ufa wa plastiki ya koili na kuishia kwenye bodi ya injini. Dereva husikia mtikisiko na kupungukiwa nguvu tabo inapoanza kusukuma tu, na kwa hiyo huapa kwamba tabo ndiyo mbaya. Kwa maana fulani ushahidi wake ni wa kweli, kwamba bila tabo kusukuma tatizo lisingeonekana. Ila hitimisho lake limekwenda kando.

Kipimo cha jambo hili hakigharimu kitu. Katika injini yenye koili moja juu ya kila plagi, koili ya silinda inayolalamikiwa huhamishiwa silinda nyingine, gari likaendeshwa tena, na msimbo wa kosa ukasomwa upya. Kosa likihama pamoja na koili, mhalifu amepatikana. Likibaki palepale, plagi nazo hubadilishana nafasi kwa utaratibu huo huo. Hapa injini ya boksa ya Subaru huwaponza wenyewe, kwa sababu plagi zake ziko ubavuni, zimebanwa karibu na chesisi, na fundi mwenye haraka atatafuta kila sababu ya kutozigusa. Gari lenye kilomita 90,000 kwenye dashibodi linaweza kuwa na plagi zilezile lililotoka nazo kiwandani. Na zikibadilishwa, kuna suala la bandia: plagi za boksi zuri na jina kubwa ambazo ncha zake si za iridiamu hata kidogo zimejaa katika soko la spea, na injini ya kawaida huweza kuzivumilia kwa muda. Ya tabo haivumilii.

Baada ya moto, hewa. Kati ya tabo na injini kuna safari ndefu ya mabomba, mipira, klipu na intakula, kipoza hewa ambacho katika Subaru hizi hukaa juu ya injini chini ya lile tundu la boneti. Mpira mmoja ukipasuka au klipu ikilegea, hewa iliyosukumwa hutoroka. Hasara haiishii kwenye presha iliyopotea. Sensa inayopima hewa imekaa mwanzoni mwa safari, kabla ya tabo, na ilishaihesabu hewa ile na kuiarifu kompyuta. Kompyuta kwa uaminifu wake humwaga petroli ya kutosha hewa yote iliyohesabiwa, ilhali katikati ya safari sehemu ya hewa hiyo imetorokea barabarani. Mchanganyiko unaofika kwenye silinda huwa na mafuta mengi mno, moshi mweusi hutoka, plagi hulowa, injini humisi. Mtu akitazama moshi ule na ile nguvu iliyopotea, atataja nozeli, atataja pampu, na hakika ataitaja tabo, wakati dawa ni klipu ya bei ya chai na chapati. Kuuona uvujaji huo kwa macho ni vigumu kwa kuwa ufa wa mpira hufunguka presha inapopanda tu. Njia ya uhakika ni kuziba mdomo wa tabo kwa kizibo chenye valvu, kuingiza upepo wa kompresa polepole bila kuzidisha presha ambayo tabo yenyewe hutoa, kisha kupaka maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Mapovu hayana upendeleo.

Vijana wanaopenda ile pumzi ya “pshhh” kila wanapobadili gia wanahitaji kusikia jambo moja katika muktadha huu. Valvu ya kiwandani huirudisha hewa ile kwenye njia ya kuingilia kwa sababu imeshahesabiwa. Valvu ya mapambo inayoitupa nje huiachia kompyuta hesabu ya hewa isiyokuwepo, na kwa sekunde moja baada ya kila gia injini hupewa mafuta yasiyo na mwenzake. Gari linalomisi na kupiga risasi kwenye ekzosi wakati wa kubadili gia, na wakati huo tu, halina haja ya kuchunguzwa zaidi ya hapo.

Upande wa mafuta ndio unaoweza kuua injini, kwa hiyo unastahili uzito kuliko mwingine. Pampu iliyochoka au filta iliyojaa uchafu wa matangi ya vituo hutosheleza injini inapotembea taratibu, kisha hushindwa pale inapohitajika zaidi. Hewa ikiongezeka bila petroli kuongezeka, mchanganyiko hukauka na joto ndani ya silinda hupanda. Mafuta yaliyobaki yanaweza kulipuka yenyewe kabla ya wakati wake, na mlipuko huo wa kugonga hupasua kingo nyembamba za pistoni zinazoshikilia ringi. Katika injini za Subaru za aina ya EJ zenye tabo hilo ni jeraha linalojulikana sana. Petroli yenyewe huchangia. Magari ya tabo ya soko la Japani yalitengenezwa yakitegemea petroli ya daraja la juu ya kule, ambayo oktani yake hukaribia 100, na pampu nyingi za kwetu hazifiki hapo. Injini ina sensa inayosikiliza kugonga, na ikisikia, kompyuta huchelewesha cheche ili kuinusuru. Gharama ya kuinusuru ni nguvu. Gari lililokuwa jepesi Yokohama linaweza kuwa zito Morogoro bila kifaa chochote kuharibika, na kubadilisha tabo hakutaongeza oktani kwenye tangi.

Kompyuta hiyo hiyo ina tabia nyingine inayowapotosha watu. Presha ikizidi kiwango ilichoruhusiwa, kwa mfano mpira mdogo unaoendesha valvu ya kupunguza presha umechomoka, kompyuta hukata mafuta ghafla. Ndani ya gari tukio hilo ni kama kugonga ukuta: kichwa kinakwenda mbele, nguvu inapotea, kisha inarudi. Wengi huliita kumisi na kuanza kununua plagi na koili, ilhali gari lina nguvu nyingi kuliko inavyotakiwa na linajizuia. Geji ya presha ya bei ya kawaida huamua kesi hii katika dakika tano za barabara tupu, maana dereva ataona sindano ikipanda kupita kiasi kabla ya pigo.

Msomaji anaweza kuuliza: maelezo yote haya ya nini, wakati siku hizi gari linachomekwa mashine na mashine inasema tatizo? Mashine ni msaada mkubwa, na gereji isiyo nayo imejifunga mkono mmoja. Lakini inachotoa ni malalamiko ya kompyuta, si uchunguzi. Msimbo P0303 unasema silinda ya tatu haikuwaka ipasavyo. Hausemi kama ni plagi, koili, nozeli, valvu au pistoni. P0299 katika magari ya miaka ya karibuni unasema presha ya tabo iko chini ya ilivyotarajiwa, na kwa mabomba yote yaliyotajwa hapo juu, msimbo huo umesababisha tabo nzima nyingi kung’olewa bure. Cha maana zaidi kwenye mashine ni namba zinazotembea injini ikifanya kazi, hasa asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta ili kusawazisha mchanganyiko. Ikiwa inaongeza zaidi ya asilimia 10 gari likiwa limesimama na nyongeza hiyo inapungua mwendo ukipanda, kuna hewa inayoingia mahali isipohesabiwa. Ikiwa nyongeza inakua kadiri mzigo unavyokua, pampu, filta na sensa ya hewa iliyochafuka ndizo za kuitwa mbele. Namba hizo hazina msimbo, hazina taa, na fundi asiyeziangalia amelipwa kwa kusoma jalada la kitabu. Ijulikane pia kwamba magari ya zamani ya soko la ndani la Japani hayakufuata lugha ya pamoja ya kusoma makosa iliyolazimishwa Marekani mwaka 1996, kwa hiyo kisomeo cha bei ndogo kukataa kuunganika hakumaanishi kompyuta imekufa. Subaru nyingi za miaka ya 1990 zina viunganishi vyeusi chini ya dashibodi ambavyo vikiunganishwa, taa ya injini yenyewe hukonyeza namba ya kosa.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba tabo hufa kweli. Hufa, na katika magari yanayobadilishiwa oili kwa kuchelewa hufa mapema. Mhimili wake huelea juu ya utando mwembamba wa oili, na oili ikikatika kwa muda mfupi tu, vyuma hugusana kwa kasi ile ya mizunguko elfu mia. Baadhi ya Subaru zina kichujio kidogo cha wavu ndani ya bolti inayopeleka oili kwenye tabo. Oili chafu hukiziba, tabo ikafa kwa kiu, na fundi akafunga nyingine bila kukigusa, nayo ikafuata njia hiyo hiyo baada ya wiki chache. Ila tabo iliyokufa ina dalili zake, na hizo hupimwa kwa mkono. Injini ikiwa baridi, bomba la hewa linavuliwa na mhimili unashikwa kwa vidole. Kutikisika kidogo kwa pembeni ni kawaida kwa sababu ya ule utando wa oili. Kwenda mbele na nyuma kunakohisiwa waziwazi si kawaida, na mapanga yaliyokwaruza ukuta hayahitaji mjadala. Moshi wa bluu mzito na mlio mkali unaopanda na kasi huongeza uzito wa ushahidi. Oili kidogo ndani ya bomba la intakula, ambayo ndiyo huonyeshwa mwenye gari kama uthibitisho, mara nyingi ni mvuke wa kawaida unaotoka kwenye injini kupitia njia ya kupumulia. Kwa kipimo hicho cha dakika ishirini tabo inaweza kutiwa hatiani au kuachiwa, na haieleweki kwa nini ihukumiwe bila hicho.

Wengine watasema vipimo ni anasa, kwamba mteja wa kwetu hataki kulipia kuambiwa, anataka kulipia kutengenezewa, na kwamba Gerezani ya Dar es Salaam au Kirinyaga Road ya Nairobi spea za mtumba ni rahisi kiasi kwamba kubadilisha na kujaribu ni nafuu kuliko kuchunguza. Kuhusu mteja wanasema kweli, na fundi anayepima kwa saa mbili kisha akafunga klipu moja atapata shida kutaja bei yake. Kuhusu hesabu wamekosea. Kuhamisha koili, kupaka sabuni, kutikisa mhimili na kutazama geji ni vipimo ambavyo jumla yake haifikii robo ya bei ya tabo moja ya mtumba, na hiyo ya mtumba huuzwa bila historia. Kuna pia gharama isiyoonekana ya kuendelea kuendesha wakati wa kujaribu-jaribu. Petroli isiyowaka ndani ya silinda huenda kuwakia kwenye masega ya ekzosi, joto huyayeyusha, na masega yaliyoyeyuka huziba njia ya moshi. Moshi ukizibwa, feni ya tabo hukosa wa kuizungusha. Sasa gari lililoanza na koili mbovu lina koili mbovu na ekzosi iliyoziba, na nguvu imepungua maradufu. Ndiyo maana taa ya injini inayokonyeza, tofauti na inayowaka tu, inamwambia dereva aondoe mguu kwenye mafuta sasa hivi.

Ikiwa moto, hewa, mafuta na njia ya moshi vyote vimepita na silinda moja bado inamisi hata gari likiwa limesimama, hapo ndipo injini yenyewe hupimwa presha ya mbano. Kinachotafutwa ni mlingano kuliko ukubwa wa namba: silinda moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 15 hivi ina jeraha la ndani. Mafundi wengi hutia oili kidogo kwenye silinda hiyo na kupima tena ili kutenganisha ringi na valvu, lakini katika boksa silinda zimelala, oili hutuama upande mmoja, na jibu hilo si la kutegemea sana. Bora kuingiza upepo kwenye tundu la plagi pistoni ikiwa juu kabisa na kusikiliza unatokea wapi. Kwenye ekzosi ni valvu ya kutolea, kwenye njia ya hewa ni ya kuingizia, mapovu kwenye rejeta ni gasketi, na upepo ukipuliza kwenye mdomo wa kujazia oili ni ringi au pistoni. Mazungumzo ya oveholi au ya injini nyingine huanza kuwa na maana baada ya jibu hilo, na tabo ya zamani, mradi mapanga yake hayakupigwa na vipande vya pistoni na bolti yake ya oili imesafishwa, inaweza kufungwa kwenye injini hiyo inayokuja.